Mstari Usio na Jina: Hotuba Kuhusu Kupanga Mawazo na Kumbukumbu kwa Picha

Ndugu Mwenyekiti, waandaaji wa mkutano huu, mabibi na mabwana,

Mliponialika kuzungumzia programu za kompyuta zinazomsaidia mtu kuyapanga mawazo na kumbukumbu zake kwa njia ya picha, nilidhani mwanzoni kwamba ningekuja na orodha ya programu hizo, nizipange kwa ubora wake, kisha niketi. Orodha hiyo nimeiacha nyumbani kwa makusudi. Programu za aina hii huzaliwa na kufa haraka, na anayechagua programu kabla hajajua anataka kupanga nini hana tofauti na anayenunua kabati kabla hajajua kama ataweka nguo au vyombo. Badala yake nitazungumzia jambo moja lililonichukua miaka kadhaa kulielewa, nalo ni kwamba katika ramani yoyote ya mawazo kazi zenye thamani ni mbili tu: kuchagua mahali pa kukiweka kila kitu, na kuupa jina mstari unaokiunganisha na kingine. Kazi zote mbili ni za mwenye ramani, wala si za mashine.

Naomba nianze na madaftari. Marehemu mama yangu alipotutoka aliacha madaftari 11 yaliyojaa mwandiko wake mdogo, bahasha kadhaa za picha zisizo na tarehe, na barua zilizofungwa kwa uzi. Ndugu zangu walinikabidhi kazi ya kuvipanga vyote hivyo kwa sababu, kama walivyosema kwa utani uliokuwa na ukweli ndani yake, mimi ndiye niliyekuwa nikikaa mbele ya kompyuta siku nzima bila kazi inayoonekana. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakutuambia la kufanya pale madaftari yenyewe yanapokuwa mengi hata habari ikapotea ndani yake.

Nilianza kama ambavyo wengi wetu tungeanza, yaani kwa folda. Nilipiga picha kurasa zote, nikafungua folda ya kila mwaka, na ndani yake folda ya kila mtu. Kazi ilikwenda vizuri kwa siku mbili. Siku ya tatu nilishika picha moja ya mama akiwa amesimama na dada yake mbele ya nyumba ambayo baadaye iliuzwa, na nikajikuta sijui niiweke wapi, kwa kuwa ilistahili kuwa kwa mama, kwa shangazi (sisi watoto tulizoea kumwita hivyo, ingawa kwa haki ni mama mdogo), kwa ile nyumba, na kwa mwaka ambao hakuna aliyeujua. Folda ni mti, na jani la mti huota kwenye tawi moja tu. Niliweza kutengeneza nakala nne, lakini maelezo niliyoyaandika kwenye nakala ya kwanza hayakufika kwenye zile tatu.

Baadaye niligundua kwamba lalamiko langu lilikuwa limekwisha kuandikwa kabla sijazaliwa. Mwezi Julai 1945, mhandisi Mmarekani Vannevar Bush, aliyeusimamia utafiti wa kisayansi wa nchi yake wakati wa Vita Kuu ya Pili, alichapisha makala katika jarida la The Atlantic, na humo akaeleza kwamba tatizo la hifadhi zetu ni kuwa kila kitu huwekwa kwa alfabeti au kwa namba na hivyo hukaa mahali pamoja tu, ilhali akili ya binadamu hairuki kwa alfabeti. Huruka kutoka wazo moja hadi jingine kwa uhusiano. Akapendekeza mashine aliyoiita memex: meza yenye skrini, ambayo ndani yake vitabu, barua na kumbukumbu za mtu vingehifadhiwa kwenye filamu ndogo sana, na mwenye meza angeweza kuviunganisha vitu viwili na kujenga kutoka hapo njia ndefu ya kuifuata tena siku nyingine. Mashine hiyo haikujengwa kamwe. Lakini yamo maelezo madogo katika makala ile ambayo wasomaji wengi huyapita: mtu anapoanza kujenga njia, kitu cha kwanza anachofanya ni kuipa jina.

Makala hiyo ilimfikia kijana mmoja fundi wa rada wa jeshi la majini aliyekuwa Ufilipino, Douglas Engelbart, na mnamo tarehe 9 Desemba 1968, huko San Francisco, yeye na wenzake walionyesha mbele ya hadhira kipanya cha kompyuta, maandishi yanayohaririwa kwenye skrini, na viungo vinavyomrusha msomaji kutoka sehemu moja hadi nyingine. Watu hukumbuka kipanya. Mimi hupenda kukumbuka kwamba mfano aliouchagua ulikuwa wa mambo ya nyumbani kabisa: orodha ya vitu vya kununua, ambayo aliipanga upya kwa makundi, kisha akaigeuza kuwa mchoro wa njia ya kupitia anaporudi nyumbani. Mambo yale yale yalionekana mara kama orodha, mara kama ramani. Programu nyingi tunazotumia leo bado zinafanya hivyo tu, kwa rangi nzuri zaidi.

Miaka 20 na ushei baadaye, Machi 1989, Tim Berners-Lee aliandika pendekezo lake katika maabara ya CERN ambalo ndilo lililozaa wavuti. Ukurasa wa mbele wa pendekezo hilo una mchoro wa viduara na mishale, na mishale mingi ina maneno juu yake: huu unasema kitu fulani kinaeleza kingine, ule unasema mtu fulani aliandika hati fulani. Wavuti tuliyoipata baadaye haikubeba maneno hayo. Kiungo cha wavuti humpeleka msomaji mahali pengine bila kumwambia anapelekwa kwa sababu gani, na sisi tumezoea hali hiyo kiasi kwamba tunapochora ramani za mawazo yetu wenyewe tunachora mistari mitupu vilevile.

Nirudi kwenye madaftari. Nilipoachana na folda nilipakua programu ya ramani ya mawazo, ile aina ambayo unaandika neno moja katikati ya ukurasa na matawi yakachipuka pande zote. Umbo hili lilienezwa sana na Mwingereza Tony Buzan, hasa kupitia vipindi vyake vya televisheni ya BBC vya mwaka 1974, na kanuni zake ni nyepesi: picha katikati, matawi yenye rangi, maneno machache kwenye kila tawi. Kwa kukusanya mawazo ya haraka, kwa mfano unapojiandaa kwa mkutano na una dakika kumi tu, sijaona umbo linaloshinda hili. Kwa madaftari ya mama halikunifaa, na ilinichukua muda kutambua kwa nini: lilikuwa folda zilezile zimelazwa chali. Kila tawi bado lilikuwa na mzazi mmoja, na ile picha ya mbele ya nyumba bado haikuwa na pa kukaa.

Aina ya pili ndiyo iliyonifungua macho. Katika Chuo Kikuu cha Cornell, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Joseph Novak na wanafunzi wake walikuwa wakifuatilia jinsi watoto wanavyobadilisha uelewa wao wa sayansi kadiri wanavyokua, na walikuwa na rundo la mahojiano lisilosomeka. Ili kulisoma wakabuni ramani ya dhana, ambayo ndani yake dhana huwekwa kwenye visanduku na kila mstari unaoviunganisha hubeba maneno, kwa namna ambayo kisanduku, mstari na kisanduku cha pili vikisomwa pamoja vinakuwa sentensi kamili inayoweza kuwa kweli au uongo. Kuna programu ya bure iitwayo CmapTools, iliyotengenezwa na taasisi ya utafiti ya IHMC huko Florida, ambayo inakuchochea ufanye hivyo hasa: ukivuta mstari kati ya visanduku viwili, inakuwekea katikati yake nafasi yenye alama za kuuliza, ikingojea neno lako.

Alama zile za kuuliza ziliniudhi sana wiki ya kwanza. Nilikuwa na kadi iliyoandikwa cherehani na kadi iliyoandikwa ada ya shule, na nilijua kwa uhakika kabisa kwamba vitu hivi viwili vinahusiana, kwa kuwa sote nyumbani tulikua tukijua kwamba mama alishona ili tusome. Nikaandika juu ya mstari: ililipa. Cherehani ililipa ada ya shule. Miezi miwili baadaye nilifika daftari la saba, nikakuta mahesabu ya mwaka ambao kaka yangu mkubwa aliingia sekondari, na mstari mmoja unaosema kwamba cherehani imechukuliwa, fedha zimepokelewa zote. Hakuilipa ada kwa kushona. Aliiuza cherehani yenyewe, na baadaye sana akanunua nyingine, ile tunayoikumbuka sisi wadogo. Nilirudi kwenye ramani nikafuta neno ililipa, nikaandika: iliuzwa kulipia.

Mabibi na mabwana, mstari haukusogea hata kidogo. Visanduku vilikuwa vilevile, mahali palepale, rangi ileile, na mtu anayeitazama ramani kwa mbali asingeona badiliko lolote. Lakini historia ya familia yetu ilikuwa imebadilika kwa maneno mawili. Kama mstari ungekuwa mtupu, daftari la saba lisingekuwa na kitu cha kukisahihisha, kwa sababu mstari mtupu hausemi lolote na kwa hiyo hauwezi kukosea. Ninapomwona mtu akijivunia ramani yenye viungo mia tano visivyo na jina, huwa namwomba aniteulie vitatu tu na anisomee kwa sauti kile vinachodai. Mara nyingi kimya kinachofuata huwa kirefu.

Hapo ndipo linapokuja suala la mahali, ambalo ni la zamani kuliko kompyuta kwa mbali sana. Cicero, katika maandishi yake kuhusu usemaji, anasimulia kisa cha mshairi wa Kigiriki Simonides ambaye alitoka nje ya karamu muda mfupi kabla dari halijaporomoka na kuwaponda walioalikwa wasitambulike. Simonides akaweza kuwataja wote kwa jina kwa sababu alikumbuka kila mmoja alikuwa ameketi wapi. Iwe kweli iwe hadithi, wasemaji wa kale walijenga juu ya kisa hicho mbinu ya kuweka hoja zao ndani ya vyumba vya nyumba waliyoijua, kisha wakati wa kuhutubia wakapita chumba kwa chumba kuziokota. Karne nyingi baadaye, mwaka 1971, John O'Keefe, akifanya kazi London, aliripoti kwamba katika sehemu ya ubongo wa panya iitwayo hipokampasi kuna seli zinazowaka pale mnyama anapokuwa mahali fulani tu. Mwaka 2005 May-Britt Moser na Edvard Moser, wakiwa Norway na wenzao, wakaeleza seli nyingine jirani zinazofanya kazi kama mistari ya ramani. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2014. Sidai kwamba panya anayezunguka ndani ya kizimba anathibitisha ubora wa programu yoyote. Ninachosema ni kwamba sehemu hiyohiyo ya ubongo, kwa binadamu, inahusika na kujenga kumbukumbu za matukio ya maisha, na kwamba si ajabu basi mtu kusema, nimesahau maneno yenyewe lakini yalikuwa upande wa kushoto wa ukurasa, chini.

Programu za ubao mpana, ambazo wengine huziita za turubai, zinatumia nguvu hiyo. Unapewa uwanja usio na kingo, unaweka kadi popote, unasogea karibu kusoma na kurudi mbali kutazama. Lakini zipo programu nyingine, na ni maarufu sana, ambazo hukuchorea zenyewe. Unaandika maelezo yako kama kurasa za kawaida, unaweka viungo kati ya kurasa, na ukibonyeza kitufe unaona wingu la nukta na nyuzi likitetema na kutulia kama kundi la nyota. Ni picha nzuri. Mimi mwenyewe niliiweka kuwa mandhari ya skrini yangu kwa muda.

Inafaa tuelewe picha hiyo inavyotengenezwa. Tangu Leonhard Euler alipoeleza tatizo la madaraja saba ya mji wa Königsberg (je, mtu aweza kuyavuka yote, kila moja mara moja tu?) mwaka 1736 kwa kuyaacha maumbo ya mji na kubakiza tu kipi kinaungana na kipi, hisabati imekuwa ikitambua kwamba mtandao wa nukta na mistari hauna umbo lake wenyewe: unaweza kuuchora kwa namna zisizo na idadi na zote zikawa sahihi. Mashine basi hutafuta umbo linalosomeka. Njia iliyoenea, ambayo Peter Eades aliieleza mwaka 1984, huuchukulia kila uzi kuwa springi inayovuta nukta mbili zikaribiane, na kila nukta kuwa inaisukuma nyingine mbali, kisha huacha mivutano hiyo ipambane hadi itulie. Matokeo hutegemea mahali nukta zilipoanzia, na kwa kawaida huanzia popote. Maana yake ni kwamba kadi ya mama iliyokuwa juu kulia leo inaweza kuwa chini kushoto kesho, si kwa sababu umejifunza jambo jipya kumhusu, bali kwa sababu umeongeza risiti tatu mahali pengine na springi zimetulia kwa namna tofauti.

Kwa maneno mengine, katika picha hiyo mahali hapana maana yoyote, na jicho linalojaribu kukumbuka kwa mahali linapotezewa muda. Siikatazi. Ni nzuri kwa kugundua kadi iliyosahaulika, ile nukta inayoelea peke yake bila uzi, na kwa kuonyesha ukurasa mmoja uliobebeshwa viungo vingi mno. Hapo faida yake inaishia. Anayeitazama na kudhani kwamba anaiona akili yake mwenyewe, anautazama mpambano wa springi.

Kupanga kwa mkono ni kazi ya polepole, na ninajua wapo kati yenu wanaojiuliza kwa nini tusiiachie mashine, hasa siku hizi ambapo ipo akili bandia inayoweza kusoma madaftari yote 11 na kurudisha ramani kamili kabla chai haijapoa. Jibu langu si la kihisia. Mwaka 1978 Norman Slamecka na Peter Graf walionyesha katika majaribio yao kwamba watu hukumbuka vizuri zaidi maneno waliyoyatoa wenyewe kuliko yale waliyopewa wayasome, na matokeo hayo yamerudiwa mara nyingi tangu wakati huo. Anayesogeza kadi na kusita kabla ya kuiweka, akijiuliza iwe karibu na hii au na ile, yumo katika kutoa jibu. Anayepokea ramani iliyokamilika anasoma jibu la mwingine. Vivyo hivyo kwa picha: Linda Henkel aliwapeleka watu katika jumba la makumbusho na akaripoti, mwaka 2014, kwamba vitu walivyovipiga picha nzima walivikumbuka kidogo kuliko vile walivyovitazama tu, ila pale walipoisogeza kamera karibu na sehemu moja ya kitu, hasara hiyo haikuonekana. Kuchagua sehemu kulidai uangalifu, na uangalifu ndio uliofanya kazi. Mashine initafutie mwandiko, inisomee tarehe iliyofifia, inionyeshe kwamba jina fulani limetajwa katika madaftari matatu; kazi ikifika kwenye kuweka na kutaja, nairudisha mikononi mwangu.

Wahenga pia walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake, na hili nimelithibitisha kwa dada yangu. Nilimpa kadi zilezile apange upande wake wa ubao. Mimi nilikuwa nimezipanga kwa wakati, kushoto zamani na kulia karibuni. Yeye alizipanga kwa vyumba vya nyumba ile iliyouzwa: mambo ya jikoni chini, ya sebuleni katikati, na kona moja aliyoiita barazani ambako aliweka kila ugomvi tunaoukumbuka. Kila nikitafuta jambo la mwaka naenda upande wangu. Nikitafuta jambo lililosemwa naenda kwake, na mara nyingi hulipata haraka kuliko ninavyopenda kukiri.

Kuhusu kumbukumbu, tofauti na mawazo, kuna tahadhari moja ambayo naomba niikalie kidogo. Wazo ni lako na unaweza kulibadilisha upendavyo. Kumbukumbu inadai kwamba jambo fulani lilitokea, na madai hayo hubadilika yenyewe bila kutuaga. Chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka tarehe 28 Januari 1986, Ulric Neisser na Nicole Harsch wa Chuo Kikuu cha Emory waliwaandikisha wanafunzi, kesho yake, jinsi walivyopata habari hiyo. Walipowauliza tena baada ya zaidi ya miaka miwili, wengi walitoa simulizi zilizopishana sana na zile za mwanzo, tena kwa uhakika mkubwa, na walipoonyeshwa karatasi zenye mwandiko wao wenyewe baadhi walishikilia kwamba simulizi mpya ndiyo ya kweli.

Tangu niliposoma utafiti huo, kila kadi ya kumbukumbu kwenye ubao wangu ina mambo mawili chini yake kwa herufi ndogo: nani amesema, na amesema lini. Si tarehe ya tukio pekee, bali tarehe ya kusimuliwa. Shangazi akinisimulia jambo mwaka huu kwa namna tofauti na alivyolisimulia awali, siifuti kadi ya kwanza. Naweka ya pili pembeni yake na kuvuta mstari uliopewa jina: anasema sasa. Programu yoyote inayonilazimisha kuwa na toleo moja la kila jambo hainifai kwa kazi hii, hata kama ina rangi za peponi.

Nipite haraka kwenye mambo machache ya ufundi. Ubao mmoja usibebe kila kitu. Nelson Cowan alikadiria mwaka 2001 kwamba akili hushika kwa pamoja vitu vinne hivi, kwa hiyo ubao mkuu uwe na makundi machache, na kila kundi lifunguke kuwa ubao wake. Skrini ya simu ni ndogo mno kwa kupanga, lakini inafaa sana kwa kuokota: andika kadi njiani, uiweke mahali pake ukifika mezani. Rangi isibebe maana peke yake, kwa sababu wapo wengi wasiotofautisha nyekundu na kijani. Na kwa mwenzetu asiyeona, ramani nzima inaweza kuwa kimya kitupu. Programu nzuri humpa mambo yaleyale kama orodha yenye ngazi, inayoweza kusomwa kwa sauti, na maneno ya kwenye mistari yakiwemo. Katika kuandaa hotuba hii nilikuwa na kadi 23, moja ikimhusu mwanasosholojia Mjerumani Niklas Luhmann, aliyeacha kadi za karatasi zipatazo 90,000, kila moja ikiwa na namba isiyobadilika. Nilishindwa kuupa jina mstari wa kumuunganisha na hoja zangu, kwa hiyo namtaja tu na kusonga mbele.

Jambo ambalo siwezi kulipita haraka ni uhai wa faili. Apple ilitoa HyperCard mwaka 1987, programu iliyowafanya watu wa kawaida wajenge kadi na viungo vyao bila kuwa mafundi, na mwaka 2004 ikaacha kuiuza; kazi nyingi za watu zikabaki ndani ya faili ambazo kompyuta za baadaye hazikuzifungua. Mimi nililionja hilo kwa kiasi kidogo. Programu niliyoitumia kwa miaka minne, ambayo sitaitaja, ilitangaza kufungwa kwa barua pepe fupi, na njia pekee ya kutoa ramani yangu ilikuwa kuihifadhi kama picha. Picha ya ramani si ramani. Huwezi kusogeza kadi wala kusahihisha neno ililipa. Nilizichapa kadi zote upya, na ninakiri kwamba kuzichapa upya kulinisaidia kusahihisha mengi, lakini sitamtakia mtu mwingine msaada wa namna hiyo.

Kwa hiyo, kabla hamjaweka kadi ya ishirini katika programu yoyote, toeni kile mlichokwisha kuweka na mjaribu kukifungua kwa programu nyingine. Tafuteni zile zinazohifadhi maandishi matupu kwenye kompyuta yenu, au zinazotoa faili za OPML, muundo uliokuwepo tangu mwaka 2000 kwa ajili ya orodha zenye ngazi. Kwa mbao za kadi upo muundo wa wazi uitwao JSON Canvas, uliotolewa mwaka 2024 na watengenezaji wa Obsidian, programu ya kuandika maelezo yenye viungo, ambao huhifadhi mahali pa kila kadi na neno la kila mstari, yaani vile vitu viwili hasa ambavyo ndivyo kazi yenu. Wekeni pia nakala rudufu mahali pengine, na ikiwa ramani inahifadhiwa kwenye mashine ya watu wengine, ihakikisheni inasimbwa kwa njia fiche, kwa kuwa kumbukumbu zetu zimejaa watu ambao hawakuombwa ruhusa. Shangazi alinisimulia jambo moja, kisha akaniambia, mwanangu, hili usiliandike. Sikuliandika. Pale lilipostahili kukaa pana nafasi tupu kwenye ubao, na mimi na yeye tu ndio tunaojua kwamba si nafasi ya bahati.

Ile picha ya mbele ya nyumba, iliyoniangusha kwenye folda, sasa ina mistari minne na kila mmoja una jina lake. Lakini nyuma ya mama na dada yake, kwenye kivuli cha mlango, yupo mwanamume ambaye sikumwona hadi nilipoikuza picha. Shangazi anasema ni fundi aliyekuwa akipaka nyumba rangi. Mjomba anasema ni mpangaji. Kadi zote mbili zipo, kila moja na msemaji wake na tarehe yake, na mstari unaomuunganisha mtu huyo na mama bado una alama za kuuliza mahali pa neno. Nimemweka kwenye ukingo wa kushoto wa ubao, ambapo macho yangu hupita kila ninapoufungua, na mwezi ujao ninakwenda kumuuliza binamu mmoja ambaye alikuwa mtoto katika nyumba ile.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.